Ayikoru Alipokatazwa Kucheka

Juzi jirani yangu alichoma pilipili kavu kwenye sigiri. Sijui alikuwa anafukuza siafu au anaamini mambo yake. Moshi uliingia dirishani kwangu nikiwa nakunja nguo. Nilikohoa mara moja tu, kisha nikajikuta nimesimama uani kwake na ndoo mikononi, nimeshamwaga maji yote juu ya makaa, naye ananitazama kama mwendawazimu. Sikuomba radhi. Mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu. Ninyi wa rika langu mliolelewa Arua na Koboko, huku West Nile ya Uganda, mnaojua pilipili ikichomwa huwa inachomewa nini, mtanielewa. Wengine wanisikilize kwanza kabla hawajamwonea jirani yangu huruma.

Tulikaa Arua Hill. Si katika zile nyumba kubwa za wakoloni zenye veranda pana, bali nyuma ya mojawapo, katika vyumba viwili vilivyojengwa kwa ajili ya watumishi. Baba alikuwa dereva wa ofisi ya serikali pale pale kilimani. Yeye alikuwa Mlugbara wa Adumi, mama Mkakwa wa Koboko, na kwa kuwa kila mmoja aliiona lugha ya mwenzake ngumu, nyumbani tulisema Kiswahili, hicho chetu cha "iko" na "hapana", ambamo "nacheka" ni mimi, wewe hata yeye, na ambacho wenye Kiswahili chao wakikisikia hushika kichwa. Tulikuwa wasichana wawili. Dada yangu Ayikoru ndiye mkubwa. Jina hilo kwa Kilugbara limebeba furaha, na mpaka alipofika darasa la tano alilitendea haki.

Alikuwa mtoto wa kuchekesha. Aliweza kumwiga mama akipatana bei ya samaki wakavu sokoni, mkono kiunoni, mdomo umepinda. Aliweza kuiga gari la baba likikataa kuwaka asubuhi yenye baridi. Mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, kwa sauti nzito isiyolingana na mwili wake, mpaka walinzi wa ofisi ya jirani walikuwa wakisikia wanacheka nao bila kujua sababu.

Kisha akaugua. Ilikuwa homa ya kawaida, mafua na kikohozi, nusu ya shule ilikuwa nayo. Wote walipona, naye akapona. Lakini baada ya homa ile usingizi ulimwingia na haukutoka. Alilala darasani. Alilala kanisani, hilo watu walilivumilia. Alilala akiwa anakula, tonge la enyasa, ugali wetu wa muhogo, liko mkononi halijafika kwenye mboga. Alilala amesimama kwenye foleni ya bomba, ndoo ya mtu wa nyuma ikimgonga visigino. Akilala kidogo aliamka mchangamfu kama aliyeoga, na baada ya muda usio mrefu macho yalianza tena kuwa mazito. Mama alisema ni uvivu wa kukua. Baba alisema apewe chai ya rangi.

Siku ya kwanza alipoanguka tulikuwa kibarazani tunamenya njugu. Baba alikuwa amerudi safari ya Omugo, akatusimulia jinsi mkuu wake alivyopewa mbuzi, wakamfunga mbuzi huyo nyuma ndani ya gari, naye akaila hotuba ambayo mkuu alikuwa aende kuisoma mkutano wa pili.

"Bosi nafika mbele ya watu," baba akasema, "natia mukono kwa mufuko, hapana kitu. Hotuba iko kwa tumbo ya mbuzi."

Ayikoru akacheka. Katikati ya kicheko taya lake likalegea, kichwa kikainama mara mbili tatu kama mtu anayekubali jambo, magoti yakakosa nguvu, akateleza kutoka kwenye kigoda hadi sakafuni. Njugu zikatawanyika. Macho yalikuwa nusu wazi. Mama alipiga yowe. Baba alimshika mabega, akawa anaita jina lake tu. Haikuchukua muda. Ayikoru aliinuka mwenyewe, akaanza kuokota njugu kama mtu aliyedondosha kijiko.

Baadaye akaninong'oneza, "Nilisikia yote. Mama iko nalia, baba iko naita. Mimi ndani niko. Mwili tu ndiyo inakataa."

Nililielewa neno hilo papo hapo, na nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Yuko ndani, anasikia, mwili unakataa. Mpaka leo nashangaa kwamba watu wazima, wenye akili na vyeti na Biblia, hawakufika hapo. Hawakufika kwa sababu hawakumuuliza.

Aliitwa shangazi, dada mkubwa wa baba, kutoka Adumi. Alikuja na nguo zinazonuka tumbaku ya msimu ule, akaketi siku mbili akimtazama Ayikoru. Bahati mbaya siku ya pili nilimwiga shangazi mwenyewe anavyovuta ugoro, Ayikoru akacheka, akaanguka mbele yake. Shangazi akapiga mapaja.

"Huyu mutoto nacheka sana tangu zamani," akatoa hukumu. "Sasa kicheko yake nakwisha. Nakula ile yake yote. Akicheka tena, nacheka roho yake yenyewe."

Huenda alisema tu kama wazee wanavyosema. Mimi niliyachukua maneno kama yalivyo. Nikaamini kwamba kila mtu anazaliwa na kipimo chake cha kicheko, kama chumvi ndani ya mtungi, na kwamba dada yangu ameukomba wake mpaka chini. Hivyo nikaanza kuweka akiba. Jambo likinichekesha shuleni, nilifunga mdomo, nikameza mate, nikabana pumzi mpaka masikio yakauma. Nikifika nyumbani nilishika kiganja cha Ayikoru, nikakipulizia pumzi ile ndefu. "Hii ya leo," nikamwambia. Yeye hakunicheka wala hakunisahihisha. Alifunga ngumi polepole, akaweka ngumi kifuani. "Imeingia," alisema. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, analemewa na ugonjwa asioujua, na bado alikuwa na upole wa kunipokelea upuuzi wangu. Watu waliomzidi umri hawakuwa na hata robo ya upole huo.

Baba ndiye aliyetangaza sheria. "Kuanzia leo hapana kucheka hapa kwa nyumba." Yeye, msimulizi wetu, alianza kula kimya. Redio ilizimwa kwa sababu ya kipindi cha vichekesho. Wageni walikaribishwa kwa kunong'onezwa mlangoni kwamba wasilete utani. Ikawa nyumba ya matanga isiyo na maiti, na aliyekuwa kama maiti alikuwa ameketi katikati yetu, anamenya viazi, anasikia kila kitu.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyetunza kengele ya mkono. Ayikoru akisinzia, mwalimu alikuwa anatembea kwa ncha za viatu, ameshika ulimi wa kengele usilie, darasa zima limeshaziba midomo kwa kusubiri. Anafika, anaweka kengele kwenye sikio lake, anaachia. Ayikoru alikuwa anaruka na kuyagonga magoti chini ya dawati. Watoto walicheka. Mwalimu alicheka. Mara nyingine na yeye mwenyewe, kwa aibu, alijaribu kucheka nao ili yaishe, na kicheko hicho kikamwangusha, na kwa kuanguka akachapwa kwa sababu anafanya maigizo. Nilimwona kupitia dirisha la darasa letu. Alichapwa akiwa hawezi kunyanyua mkono kujikinga. Mwalimu akasema, "Tazameni, hata halii. Sugu."

Mwalimu huyo yu hai. Amestaafu, nywele nyeupe, watu humwachia kiti. Hukutana nami sokoni Arua, hunishika mkono kwa mikono yote miwili, na kuniuliza, "Na dada yako, bado analala?" Kisha anacheka. Nimejaribu kila namna ya kumjibu. Siku hizi namwondolea mkono wangu na kuiacha mikono yake imesimama hewani.

Hospitali walimpeleka. Nisiseme hawakufanya kitu. Kwetu mtu akilala mchana wazee wanasema malale, ule ugonjwa wa mbung'o, kwa sababu umewahi kuwaua watu wa pande zetu na jina lake halijasahaulika. Walimtoa damu. Walimkunja kama kiazi, wakamchoma sindano ya mgongo watoe maji. Alirudi anatembea ameinama. Majibu yakatoka hana malale. Mama akamuuliza daktari, sasa ana nini? Daktari hakuinua macho kutoka kwa karatasi ya mgonjwa mwingine.

"Hana kitu," akasema. "Mpeleke nyumbani."

Nachukia maneno hayo mawili kuliko tusi lolote ninalolijua kwa lugha zote za West Nile. Kama hana kitu, basi anadanganya; na kama hadanganyi, basi ni kitu kisichoonekana. Daktari yule aliufunga mlango mmoja, akatusukuma kwenye mingine miwili. Mama akachagua wa pili. Labda aliuona ndio wa huruma.

Wakati wa likizo tulipanda gari la kwenda Koboko, mama, Ayikoru na mimi. Tulifikia kwa bibi, mama yake mama, karibu na mji. Nyumba ya maombi haikuwa mbali: mabati, viti vya plastiki, mikeka kwa ajili ya waliokuja kulala hapo na shida zao. Wengine walikuwa wakimbizi kutoka Sudan Kusini, watu waliofiwa njiani na kuja na maumivu ambayo sala peke yake ilikuwa tayari kuyasikiliza. Sina neno na waliosali pale. Nina neno na aliyewaongoza. Aliitwa Mtumishi. Sauti yake ilikuwa nzuri, na nadhani hiyo ndiyo iliyomharibu.

Mtumishi alimketisha Ayikoru, akamuuliza kwa upole, "Ukilala, naona nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kumuuliza swali. Ayikoru akafurahi, akajibu kweli tupu. Alisema kwamba kabla usingizi haujamchukua sawasawa, au anapoamka, kuna mtu anakaa juu ya kifua chake, mzito, hana uso. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Anataka kusogea, mkono hausogei. Halafu mtu anaondoka.

Leo najua kwamba hiyo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ndoto inaingia kabla macho hayajafunga, mwili unabaki umefungwa kama wakati wa kuota, mtu yuko macho ndani ya ndoto yake. Hata watu wengi wasio wagonjwa hupatwa na hali hiyo mara moja moja maishani. Lakini Mtumishi aligeuka kwa mama na kusema, "Umesikia kwa mdomo wake." Ukweli wa dada yangu ukawa ungamo.

Amri ikatoka. Pepo huingia kwenye usingizi, kwa hiyo mtoto asilale. Asilale kabisa, mpaka pepo achoke kungoja. Fikirini. Walimchukua mtoto ambaye usingizi ndio uliokuwa ukimlilia mwilini mwote, wakamnyima. Walimtembeza uani. Walimwimbisha. Macho yakifunga, walileta sigiri yenye pilipili na kumwinamisha kichwa juu ya moshi huku wamemfunika kwa kitenge. Mama alipewa kazi ya maji. Alikaa na kikombe na beseni, na kila mara kichwa cha Ayikoru kilipoanguka alimmwagia shingoni. Mama alikuwa analia anapomwaga. Watu hunitajia machozi hayo kana kwamba yanapunguza kitu. Yalinizidishia hasira. Kama unaona mpaka unalia, kwa nini mkono unaendelea?

Nilimuuliza pale pale, "Mama, kwa nini hapana mwacha?"

"Nyamaza," akasema. "Mimi iko nasaidia dada yako."

Ayikoru aliacha kuongea. Midomo ilipasuka. Nilipompulizia kiganja chake alikisahau wazi, hakufunga ngumi.

Jumapili Mtumishi aliamua kuwaonyesha watu ushindi. Nyumba ilijaa mpaka nje. Alimsimamisha Ayikoru mbele, kando ya sigiri, akaanza kupaza sauti: "Toka! Toka!" Sasa, miongoni mwa sadaka za siku ile kulikuwa na kuku aliyefungwa miguu kwa kamba iliyolegea. Kuku akafunguka, akakimbilia mbele, akaingia chini ya joho la Mtumishi. Mtumishi akaruka mguu mmoja. "Toka!" akasema, mara hii kwa sauti nyingine kabisa, sauti nyembamba. Kuku akajibu kutoka ndani ya joho.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Watu mia waliangalia sakafu. Ayikoru peke yake, ambaye hakuwa amelala sijui tangu lini, aliyekuwa amekatazwa miezi na miezi, alicheka. Kilitoka kicheko chake cha zamani, kile kizito. Mimi nilikisikia na moyo ukaruka kwa furaha. Halafu kichwa kikainama mara mbili tatu, magoti yakaenda, akaangukia sigiri.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya makaa.

"Muache!" Mtumishi akapiga kelele. "Hapana gusa! Pepo iko natoka!"

Na wakamwacha. Hapo ndipo ninaposhindwa kusimulia bila kusimama kwanza nikatembee kidogo. Wakamwacha. Mama alisimama na mikono juu, kama alivyoambiwa. Nilikimbia, bibi akanishika gauni, gauni likapasuka begani na bado hakuniachia. Ayikoru alilala na macho nusu wazi, anasikia kila neno, anahisi kila kaa, na mwili unakataa. Hakutoa sauti. Walichukua ukimya huo kuwa amani ya Bwana.

Aliyemtoa alikuwa mwanamke mmoja mkimbizi, aliyekuja kumwombea mwanawe. Alipita katikati ya watu kwa viwiko, akamvuta Ayikoru kwa mguu kutoka kwenye moto, akageuka kuwatazama wote. "Nyama ya mtoto naungua," akasema, "na ninyi naimba?" Kisha akambeba mgongoni na kutoka naye nje. Sikuwahi kujua jina lake. Kesho yake alikuwa ameshaondoka na mwanawe kwenda kambini.

Katika kituo cha afya pale Koboko alikuwepo tabibu kijana, ametoka chuoni karibuni, ndiye aliyeosha kidonda. Aliuliza mtoto aliingiaje motoni. Mama alitazama ukuta. Bibi alianza habari ya pepo. Mimi nikasema, "Alicheka."

"Alicheka, halafu?"

"Halafu akaanguka. Akicheka naanguka. Lakini nasikia yote. Yeye ndani iko."

Alinigeukia kabisa, akaacha pamba. Akamuuliza Ayikoru mwenyewe: ni kweli? Ayikoru akatikisa kichwa kukubali. Nikadhani na yeye atasema yale maneno mawili.

"Mimi hii sijui," akasema kwa mama. "Sijawahi kuiona. Mama, nisikie vizuri. Kama mimi sijui, haina maana hapana kitu. Iko kitu. Na huyu mtoto kwa nini macho yake namna hii? Nalala saa ngapi?"

Mama akamwambia habari ya kikombe na beseni. Tabibu hakumkaripia; mimi nilitamani amkaripie. Alivuta pazia, akamlaza Ayikoru kwenye kitanda cha wagonjwa, mkono uliofungwa juu ya mto, akasema tu, "Mwacheni." Dada yangu alilala mchana ule wote, na hakuna mtu aliyemtikisa. Niliketi chini ya kitanda nikisikiliza pumzi zake. Mtu wa kwanza kumtendea haki alikuwa mtu aliyekiri hajui.

Baba alikuja na gari la ofisi. Alifungua bandeji mwenyewe, akatazama, akaifunga tena. Hakusema kitu kwa mama, wala kwa Mtumishi, ambaye aliendelea kuombea watu mpaka alipohamia mji mwingine akiwa na gari lake. Baba alirudi Arua na mimi nyuma ya gari. Mama alibaki Koboko kwa bibi pamoja na Ayikoru, ambaye shule ilikuwa imesema haimtaki tena. Hivyo ndivyo elimu yake ilivyokwisha, darasa la tano. Alikuwa na akili kuliko mimi niliyesoma mpaka mwisho. Baba alikufa miaka mingi baadaye, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akisimulia tena habari ya mbuzi wala ya kitu chochote.

Jina la ugonjwa tulilipata tukiwa watu wazima. Nilikuwa na kazi, nikampeleka Kampala kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Alikuwa mzee mwenye haraka, lakini alijua la kuuliza. "Ukicheka sana, magoti yanalegea?" Ayikoru akanigeukia kwa hasira. "Umemwambia?" Sikuwa nimesema neno. Daktari akatueleza. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotushikilia tuwe macho, kama mtu anayeshika mlango usifungwe na upepo. Kwa watu wachache sehemu hiyo huharibika, wakati mwingine baada ya homa, na mlango unabaki unapigapiga. Usingizi unaingia mchana, macho yanaingia usiku. Ule ulegevu wa wakati wa kuota unakuja mtu akiwa macho, hasa akicheka. Unaitwa narkolepsia. Haujapata dawa ya kuumaliza. Alimwandikia vidonge, ambavyo kwetu huku leo vipo, kesho havipo. Lakini akasema dawa kubwa ni ratiba: usiku kulala na kuamka saa zile zile, na mchana kulala kidogo kwa makusudi, kabla usingizi haujamkamata kwa nguvu. Asipande ngazi, asiendeshe pikipiki, asipike kwenye moto wa chini akiwa peke yake.

Tulitoka nje. Ayikoru akasimama kwenye jua. "Kumbe iko na jina," akasema, na uso wake ulikuwa mtulivu. Mimi ndiye niliyepiga teke pipa la takataka mpaka mlinzi akaja.

Kulala kidogo mchana! Mkeka nyuma ya darasa baada ya chakula, robo saa, basi. Hicho ndicho kilichokuwa kimepungua kati ya dada yangu na darasa la sita. Mkeka.

Sasa Ayikoru anauza vitenge sokoni Koboko, vile vinavyovuka kutoka Kongo. Ana mume mpole na watoto wakubwa. Nyuma ya kibanda chake kuna chumba kidogo chenye godoro na mlango wa mbao. Mama alihamia kwake tangu bibi alipofariki. Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea, na kwa kuwa bado nilikuwa na hasira, nilimweleza mama ugonjwa wote tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya Ayikoru, katikati ya vitenge. Nilimwambia habari ya kikombe. Nilimwambia habari ya mikono yake iliyokuwa juu siku ile.

"Sisi hapana jua," mama akasema.

"Tabibu naye hakujua, mama. Lakini aliuliza."

Akanyanyua kichwa na sauti yake ikawa kali. "Nani naniambia mimi? Baba yako iko barabarani siku yote. Daktari nasema hana kitu. Shule nafukuza. Mimi bila kusoma, mimi peke yangu na mutoto naanguka! Wewe nataka mimi nafanya nini?"

"Nilitaka umtoe kwenye moto."

 Watu wa vibanda vya jirani walikuwa wanatusikiliza. Nilikuwa na maneno mengine tayari, makali zaidi, ya miaka mingi. Ayikoru akasimama, akakunja kitenge alichokuwa akimwonyesha mteja, akakiweka mahali pake.

"Ninyi wawili mukitaka kugombana, mugombane polepole," akasema. "Saa yangu nafika."

Akaingia chumbani, akavuta mlango. Tulisikia godoro likimpokea.

Mama alichukua kigoda. Anatembea kwa shida siku hizi, lakini hakutaka nimsaidie. Alikiweka mbele ya mlango ule, akaketi, mgongo wake ukigusa mbao, mikono juu ya magoti. Mteja mmoja alikuja anamuulizia Ayikoru, mama akamwashiria kwa kidole mdomoni aende, arudi baadaye. Mtoto akapita anapiga kopo, mama akamtazama tu, mtoto akaacha. Niliona kwamba hii ni kazi anayoifanya kila siku, na kwamba hakuna aliyempa.

Sijamsamehe. Nasema hivyo ili mtu asidhani mambo yameisha vizuri. Nilivuta gunia la vitenge, nikaketi upande wa pili wa mlango, hasira yangu nikaiweka magotini kama mtoto aliyekataa kulala. Hatukutazamana. Bodaboda akaja na pikipiki yake mpaka karibu na meza, injini inanguruma, akapaza sauti kuita mwenye duka. Mama akainua mkono.

"Zima pikipiki," akamwambia. "Mutu iko nalala."